Fila, Botox, Upasuaji au Rangi: Ulinganisho wa Njia za Kurembesha Midomo

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, ufunge mdomo bila kuukaza, ujitazame. Kisha utabasamu mpaka meno yaonekane, ujitazame tena. Zoezi hili la nusu dakika lapaswa kutangulia bei, picha za watu mashuhuri na ushauri wa marafiki, kwa sababu maneno "kurembesha midomo" yamekusanya chini yake tiba zisizofanana hata kidogo, na kila moja ina lalamiko lake inalolitibu. Yupo ambaye midomo yake ni myembamba akiwa ametulia na akicheka pia. Huyo amepungukiwa ujazo. Yupo ambaye mdomo wake wa juu una unene wa kutosha ukiwa umetulia, ila akitabasamu hukunjika kuingia ndani na kutoweka. Huyo hakupungukiwa na kitu, msuli wake ndio unaovuta. Yupo ambaye nafasi kati ya pua na mdomo ni ndefu kiasi kwamba hata akiuachia mdomo wazi meno ya juu hayaonekani. Na yupo ambaye umbo la midomo yake halina neno, bali rangi imefifia, au ukingo umepotea, au upande mmoja una giza kuliko mwingine.

Watu hawa wanne wakichomwa sindano ya aina moja, ni mmoja tu atakayetoka ameridhika. Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu midomo "iliyoharibiwa" hayatokani na dawa mbaya. Yanatokana na tiba ya mtu wa kwanza kupewa mtu wa tatu.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza, ni hili: usipoyapenda matokeo, kuna njia ya kuyaondoa? Kwa kipimo hicho tiba hizi hujipanga kama ngazi. Chini kabisa ziko za kupaka, ambazo huisha kwa saa. Kisha inakuja sumu ya botulini, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox, inayoisha yenyewe kwa wiki kadhaa, halafu fila, yaani jeli ya kujaza, ya asidi ya hialuroniki, ambayo hudumu kwa miezi lakini inaweza kuyeyushwa. Juu yake kuna rangi ya kuchanjwa, inayofifia polepole na haiondoki kwa urahisi. Kipandikizi cha silikoni kinaweza kutolewa, ila kwa kisu kingine. Kileleni kuna upasuaji wa kuinua mdomo, ambako ngozi ikishakatwa hairudi. Anayeanza, na hasa asiye na uhakika, aanzie chini ya ngazi hiyo. Sijaona sababu ya maana ya kuirukia ngazi ya mwisho siku ya kwanza.

Fila ya asidi ya hialuroniki

Hii ndiyo inayofanywa kuliko zote, na ina haki ya kupendwa. Asidi ya hialuroniki si kitu kigeni mwilini. Imo kwenye ngozi, kwenye viungo na ndani ya jicho, na Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Kazi yake kubwa ni kushika maji. Ile iliyomo mwilini huvunjwa na kuundwa upya kila mara, hivyo ingechomwa kama ilivyo ingetoweka kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzifunga nyuzi zake pamoja kwa kemikali mpaka ziwe jeli inayodumu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya chapa moja na nyingine. Jeli laini huufuata mdomo unapozungumza na kula, lakini haiinui sana. Jeli ngumu hushika umbo na kuuchora ukingo vizuri, lakini ikiwekwa juu juu huweza kuhisiwa kama punje ukipitisha ulimi ndani ya mdomo. Kwa hiyo swali la "chapa gani ni nzuri" halina jibu mpaka ijulikane inawekwa wapi na kwa lengo gani.

Kabla yake iliyotawala ni kolajeni ya ng'ombe, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ambayo ilibidi ipimwe kwanza kwenye ngozi ya mkono kwa kuhofia mzio na ambayo haikudumu zaidi ya miezi michache. Fila za hialuroniki ziliondoa usumbufu wa kipimo hicho, na mwaka 2011 Restylane, chapa mojawapo ya fila hizo, iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa ajili ya kuongeza midomo hasa, kwa watu waliozidi miaka 21.

Kiasi chenyewe huwashangaza wengi. Sirinji moja ya kawaida ina mililita 1, na kijiko cha chai hubeba mililita 5. Yaani sirinji nzima ni moja ya tano ya kijiko, nayo hugawanywa kwa midomo miwili. Anayehofia kwamba sirinji moja itampa midomo ya bata ana hofu iliyozidi kipimo, kwani wengi wanaoonekana hivyo wamerudia na kurudia kabla ya ile ya awali kuisha. Kwa mara ya kwanza nusu sirinji inatosha kumwonyesha mtu kama anaelekea anakotaka, na anaweza kuongezewa baada ya wiki chache uvimbe ukishapungua. Mtoa huduma anayekataa kuweka kidogo kidogo, au anayesema sirinji mbili ndizo "kawaida" kwa mtu ambaye hajawahi kuchomwa, aulizwe kwa nini.

Jambo ambalo picha za kabla na baada hazionyeshi ni siku ya pili. Nilimsindikiza ndugu yangu mmoja kwa nusu sirinji tu, akarudi nyumbani akicheka. Kesho yake asubuhi alikuja mezani amefunika mdomo kwa kiganja. Wa juu ulikuwa umejitokeza mbele ya wa chini, upande wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia, na pembeni palikuwa na alama ya buluu iliyoiva kuelekea weusi, ukubwa wa punje ya mahindi. Alipojaribu kunywa maji, ukingo wa kikombe haukushikika na maji yakateremka kidevuni. Hakuna kilichokuwa kimeharibika: uvimbe hufikia kilele kati ya saa 24 na 48, kisha hushuka, na damu iliyovilia huondoka ndani ya wiki moja au mbili. La kuchekesha ni kwamba wiki mbili baadaye, midomo ilipotulia katika umbo lake halisi, alilalamika kuwa imekuwa midogo mno. Alikuwa ameshauzoea uvimbe. Watoa huduma wazuri wanajua hali hii, ndiyo maana hawakubali kuongeza chochote kabla ya wiki mbili kupita, na wewe usikubali kuhukumu matokeo kabla ya hapo.

Fila ya midomo kwa kawaida hudumu miezi 6 hadi 12, kwa kuwa mdomo ni kiungo kisichotulia. Hata hivyo mabaki yanaweza kukaa muda mrefu zaidi ya huo bila kuonekana wazi, na hii ndiyo sababu ya kutorudia kwa kufuata kalenda. Anayerudi kila baada ya miezi 6 kama anayelipa kodi ya nyumba hujaza juu ya kilichobaki, na kinachozidi hutafuta pa kwenda: huvuka ukingo wa mdomo na kukaa juu yake kama kivuli cha sharubu, kikiufanya mdomo uonekane umevimba badala ya kunenepa. Dawa ya hapo ni kuyeyusha kwanza kwa kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi, kusubiri, kisha kuanza upya ikibidi. Kimeng'enya hicho hufanya kazi ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili, nacho ndicho kinachoipa fila hii nafasi ambayo nyingine hazina. Kina hatari yake ndogo ya mzio, na aliyewahi kuathirika vibaya kwa kuumwa na nyuki anapaswa kulisema hilo mapema.

Hatari kubwa ya fila si uvimbe, ni mshipa wa damu. Jeli ikiingia ndani ya ateri ya mdomo, au ikiubana mshipa kwa nje, sehemu inayolishwa na mshipa huo huanza kukosa damu, na isiposhughulikiwa mapema tishu hufa na kuacha kovu; katika matukio machache mno jeli husafiri kwenye mishipa ya uso mpaka ya jicho na kuleta upofu. Dalili ni maumivu yasiyolingana na kilichofanyika, weupe wa ghafla, au madoa yenye umbo la wavu wa zambarau yanayopanda kuelekea pua. Kwa ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kwa urahisi, hivyo mdomo hukunjuliwa ukaangaliwa ule utando mwekundu wa ndani. Kuna kipimo ambacho hata mgonjwa anaweza kukifanya: bonyeza sehemu hiyo kwa kidole, uachie, uhesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili hivi, damu inapita. Ikikawia, au upande mmoja ukikawia kuliko mwenzake, hilo si jambo la kusubiri kesho wala la kuweka barafu. Hialuronidasi inapaswa kutumika hapo hapo, na kwa wingi. Kumbuka pia kwamba ganzi inayochomwa kama ya daktari wa meno inaweza kuyaficha maumivu ambayo yangekutahadharisha.

Kwa hiyo swali moja linawatenga watoa huduma kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani: "Hialuronidasi iko wapi?" Iwe ndani ya chumba, haijapita muda wake, na anayekuchoma awe na uwezo wa kuitumia mwenyewe. Anayejibu kwamba ataiagiza ikihitajika amekujibu.

Fila na Botox si ndugu

Wengi huzitaja pamoja kama vile ni kitu kimoja, kwa sababu zote huja kwa sindano. Fila hujaza, Botox, ambalo ni jina la chapa mojawapo ya sumu ya botulini, haijazi wala haiongezi chochote. Inadhoofisha msuli. Katika kile kinachoitwa kugeuza mdomo, matone machache huwekwa juu ya ukingo wa mdomo wa juu, kwenye msuli wa duara unaouzunguka mdomo mzima. Msuli ukilegea, mdomo hujikunjua kidogo kuelekea nje na sehemu nyekundu iliyokuwa ikijificha ndani huonekana. Mililimita moja au mbili za namna hiyo, kwa mtu ambaye tabasamu lake humeza mdomo wa juu, ni badiliko linaloonekana. Kwa mtu ambaye hana nyama ya kukunjua, ni pesa iliyopotea.

Matokeo hayaji siku hiyo hiyo. Huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, hukamilika wiki ya pili, na huisha kwa miezi miwili au mitatu, mapema kuliko kwenye paji la uso, kwa sababu kiasi kinachowekwa ni kidogo. Haiyeyushwi, hakuna dawa ya kuirudisha nyuma, ila muda wenyewe ni mfupi na hilo ndilo faraja. Marekani iliidhinisha sumu hii kwa makunyanzi ya kati ya nyusi mwaka 2002. Kuitumia mdomoni ni kwa uamuzi wa mtaalamu nje ya matumizi yaliyoidhinishwa, jambo ambalo ni la kawaida katika udaktari lakini mteja ana haki ya kuambiwa.

Bei yake huwa chini ya fila kwa mara moja, na hapo wengi hudanganyika. Ukihesabu mwaka mzima, kuchomwa mara nne au tano kunaweza kuzidi gharama ya sirinji moja iliyodumu. Kisha kuna kazi ya mdomo wenyewe. Msuli uliolegezwa ndio unaofunga mdomo kwenye mrija, unaopiga mluzi, unaotamka p na b kwa mkazo. Mpiga tarumbeta au filimbi, mwimbaji, mtangazaji, mwalimu anayesimama darasani siku nzima: hawa ningewashauri wasiiguse, au waijaribu wakati wa likizo. Anayeishi kwa sauti yake hawezi kusubiri wiki kumi ili herufi moja irudi mahali pake.

Zinaweza kuunganishwa, fila kidogo kwa ujazo na sumu kidogo kwa tabasamu, lakini si siku moja kwa anayeanza. Fanya moja, uone ilichokifanya, ndipo ujue kama nyingine inahitajika. Ukifanya zote pamoja na matokeo yakaenda kombo, hutajua umlaumu nani.

Mafuta yako mwenyewe, au kipandikizi

Baada ya fila mbili au tatu, watu huanza kuuliza kuhusu kitu cha kudumu. Uhamishaji wa mafuta una mvuto wake: mafuta hunyonywa kutoka tumboni au pajani, husafishwa, kisha huchomwa midomoni, na hakuna hofu ya mwili kukataa kitu chake. Shida ni kwamba sehemu ya mafuta hayo hufa na kunyonywa na mwili, na hakuna anayeweza kukuambia kabla ni kiasi gani kitabaki. Mdomo, kwa vile hautulii, ni shamba gumu kwa mafuta kuota. Hivyo daktari huweka zaidi ya inavyotakiwa, uvimbe huwa mkubwa kuliko wa fila, na baada ya miezi michache matokeo yanaweza kuwa mazuri sana, hafifu, au yasiyolingana pande mbili. Yaliyobaki hukua na kupungua pamoja na uzito wa mwili, nayo hayayeyushwi kwa hialuronidasi. Tiba hii ina maana zaidi kwa anayefanyiwa upasuaji mwingine wa uso wakati huo huo. Kwa midomo peke yake naiona ni safari ndefu kwa mzigo mdogo.

Kipandikizi cha silikoni ngumu ni kinyume chake: hakibadiliki. Hupimwa, huchaguliwa kwa urefu na unene, na hupitishwa ndani ya mdomo kupitia vitundu vidogo kwenye pembe zake, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu. Aliyechoshwa na sindano, mwenye midomo yenye nyama ya kutosha ya kukifunika, anaweza kukipenda. Lakini mdomo mwembamba sana hauna blanketi la kukificha. Kipandikizi kitaonekana ukingoni anapocheka, au kuhisiwa na anayebusu. Kinaweza kusogea, kupinda au kusukuma ngozi mpaka kitokeze, na kikitolewa, kovu lililojijenga kukizunguka hubaki ndani. Sifa yake ya "kuondolewa wakati wowote" ni ya kweli nusu.

Silikoni ya maji inayochomwa kwa sindano ni jambo jingine kabisa, nami nalitaja ili likataliwe. FDA haijawahi kuidhinisha kuchoma silikoni ya maji ili kukuza sehemu za mwili. Matone yake hupenya kati ya nyama, hayatoki yote hata kwa kisu, na vinundu vigumu vinaweza kuibuka miaka mingi baadaye. Ukiambiwa kuna fila "ya maisha" kwa bei nafuu, uliza jina lake, uone kisanduku, usome lebo. Asiyeweza kuonyesha kisanduku ana kitu cha kuficha.

Kuinua mdomo kwa kisu

Hapa ndipo yule mtu wa tatu wa mwanzo anapopata haki yake. Umri ukisonga, nafasi kati ya pua na mdomo hurefuka na mdomo wa juu hunyooka na kuficha meno. Mtu wa namna hiyo akijazwa fila, mdomo hauendi juu; unakwenda mbele. Anaongezewa tena, unazidi kwenda mbele, mpaka ukimtazama kwa ubavu unaona rafu. Urefu hautibiwi kwa ujazo.

Daktari wa upasuaji hukata kipande chembamba cha ngozi chini kabisa ya pua, chenye umbo la pembe za fahali, kisha huivuta ngozi iliyobaki juu na kuishona. Kazi hufanyika kwa ganzi ya sehemu hiyo, haizidi sana saa moja, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Mdomo hupanda, upinde wake hujichora, na meno ya juu huanza kuonekana hata mtu asipotabasamu. Matokeo ni ya kudumu, na wengi waliohangaika na fila kwa miaka hujiuliza kwa nini hawakuambiwa mapema.

Gharama ya kweli ni kovu. Limewekwa kwenye mkunjo ambako pua inakutana na mdomo ili lijifiche, nalo huchukua hadi mwaka mmoja kufifia. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, jambo linalowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, alitaje hilo kabla ya kuulizwa, na aonyeshe kovu lolote alilonalo begani, sikioni au kifuani. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, mdomo hushindwa kufunga vizuri na tundu za pua huvutwa chini, na hakuna wa kuirudisha. Kwa sababu hiyo kazi hii haifanywi na mtu wa sindano aliyehudhuria mafunzo ya mwisho wa wiki. Ni ya daktari wa upasuaji wa uso, na aonyeshe picha za wagonjwa wake mwenyewe zilizopigwa mwaka mmoja baadaye, si wiki mbili. Kijana wa miaka 25 ambaye urefu wa mdomo wake ni wa kawaida hana shughuli hapa.

Rangi ya kuchanjwa

Kama umbo linakuridhisha, usilijaze. Rangi huchanjwa kwenye tabaka la juu la ngozi ya mdomo kwa sindano nyembamba, ikichora ukingo na kujaza kivuli laini, na mdomo uliopata ukingo huonekana mnene zaidi ingawa haukuongezwa hata tone. Siku za kwanza rangi hukolea kupita inavyotarajiwa, kisha maganda hutoka na huonekana kama imepotea yote, kabla ya kurudi polepole. Marekebisho hufanyika baada ya wiki sita hadi nane, na matokeo hudumu mwaka mmoja hadi mitatu hivi.

Kwenye midomo yenye giza asili kazi ni ngumu zaidi na huhitaji subira, kwani rangi mpya haifuniki ya chini kama rangi ya ukutani, huchanganyika nayo. Waridi hafifu juu ya mdomo wa kahawia hugeuka kijivu. Fundi anayejua huanza na rangi za joto, zenye mwelekeo wa chungwa, ili kuuvunja ubuluu wa chini, kisha hurudi mara ya pili au ya tatu kwa rangi inayotakiwa. Jambo ambalo wateja hawaambiwi ni kwamba leza ya kufuta inaweza kuigeuza rangi yenye oksidi ya chuma au titani kuwa nyeusi zaidi badala ya kuifuta. Basi chagua rangi iliyo karibu na midomo yako, si ile ya msimu.

Za kupaka, na kalamu isiyo na sindano

Vipodozi vya kunenepesha midomo hutumia viwasho kama pilipili, mdalasini, tangawizi au menthol. Damu hukimbilia juu, mdomo huvimba kidogo, na baada ya saa chache mambo yameisha. Kwa sherehe ya jioni moja havina ubaya, ila mwenye midomo inayopasuka ataumia. Vikombe vya kunyonya midomo kwa nguvu huacha damu iliyovilia na si zaidi. Kalamu zinazosukuma fila kwa mgandamizo bila sindano ni hatari hasa: hazidhibiti kina wala mahali, na mwezi Oktoba 2021 FDA iliwaonya watu waziwazi wasizitumie. Kutokuwa na sindano hakuzifanyi ziwe salama.

Wa kusubiri, na wa kuuliza

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa sababu usalama wa dawa hizi kwao haujathibitishwa. Anayepata vidonda vya homa mdomoni aseme mapema: sindano, kisu na rangi vyote vinaweza kuviamsha virusi vya herpesi vilivyolala, na daktari anaweza kumpa vidonge vya kuvizuia kabla ya siku yenyewe. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu asiziache kwa hiari yake ili apate damu ndogo ya kuvilia, amuulize aliyemwandikia. Aliye na jino la kung'oa au kusafisha alimalize kwanza, apishe wiki mbili kati ya kiti cha meno na kiti cha midomo. Na kijana ambaye hajatimiza miaka 18 asubiri tu. Nchini Uingereza, sehemu ya England, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa kumchoma fila au sumu ya botulini kwa urembo.

Wataalamu wengine wataanza kwa kupima uso wako kwa kanuni kwamba mdomo wa chini uwe mara 1.6 ya wa juu. Kanuni hiyo imezoeleka kwa nyuso za asili ya Ulaya. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika midomo miwili hukaribia kulingana, na hiyo ndiyo sura yao nzuri. Ukiona mtu anataka kuuongeza wa chini ili ufikie namba, huku wa juu ukiwa ndio fahari ya uso wako, vaa viatu.

Ningekuwa nachagua leo kwa mtu wa kwanza, yule aliyepungukiwa ujazo, ningeanza na nusu sirinji ya jeli laini ya hialuroniki, na kuongeza baadaye. Kwa wa pili ningejaribu matone ya botulini mara moja, nione kama mililimita hizo zinatosha. Wa tatu ningempeleka kwa daktari wa upasuaji kwa mazungumzo tu, bila kulipa siku hiyo. Wa nne ningemwambia ahifadhi midomo yake na atafute fundi wa rangi.

Siku ya kuchomwa, sirinji ifunguliwe mbele yako. Ndani ya kisanduku cha fila halali huwa na vibandiko vyenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Kimoja hubandikwa kwenye faili lako, na kingine uombe upewe. Kikiwa mkononi, daktari mwingine yeyote, usiku wowote, atajua kilichomo mdomoni mwako na kama kinayeyuka.